Ulaya wakigeuza saa: mwongozo kamili kwa sisi tulioko Zanzibar

Mwaka mmoja, Jumapili ya mwisho ya Machi, familia ya Kitaliana ilikaa nje ya uwanja wa ndege wa Kisauni saa nzima ikimsubiri dereva wetu. Mama amembeba mtoto mchanga, mvua za masika ndiyo kwanza zinaanza. Dereva hakuchelewa hata dakika. Alifika saa ile ile niliyomwandikia mimi, na mimi nilimwandikia saa ya wiki iliyotangulia. Usiku wa kuamkia siku hiyo Italia walikuwa wamesogeza saa zao mbele, ndege ikaondoka kwa saa yao mpya, ikatua kwetu saa moja mapema kuliko tulivyozoea.

Tangu siku ile, kila Machi na kila Oktoba nakaa na vijana wa mapokezi na madereva tukapitia jambo hili moja baada ya moja. Haya ndiyo tunayopitia. Yatamfaa mwenye gesti, mwongozaji watalii, kijana anayefanya kazi za mtandaoni kwa mteja wa Marekani, mwanafunzi anayesubiri mahojiano ya chuo cha nje, na mzee mwenye mtoto Uingereza.

Kwanza, jua nani anageuza

Sisi hatugeuzi. Zanzibar, sawa na Tanzania nzima, Kenya na Uganda, iko saa tatu mbele ya saa ya ulimwengu, mwaka mzima. Kwenye simu na kompyuta utaiona imeandikwa UTC+3 au GMT+3. Kwa hiyo mtu akikuuliza "nyinyi mnageuza lini?", jibu ni kwamba saa yetu imetulia na ya kwao ndiyo inayotembea. Ukilishika hilo umeshamaliza nusu ya kazi, maana makosa mengi niliyoyaona yanatoka kwa mtu aliyegeuza saa ya kwake kwa kudhani anatakiwa.

Sababu ya sisi kutogeuza ni jua. Unguja iko kiasi cha nyuzi 6 kusini mwa ikweta, Pemba kiasi cha 5, na mchana wetu mrefu kuliko yote ya mwaka unauzidi ule mfupi kwa muda usiofika saa moja. London mchana wa Juni hupita saa 16 na nusu, na wa Disemba haufiki saa 8. Wenye jua la namna hiyo wakati wa joto huona linachomoza wangali wamelala, ndipo wakasema tuamke saa moja mapema, na njia nyepesi ya kuwaamsha watu wote kwa pamoja ni kusogeza saa. Ujerumani walianza tarehe 30 Aprili 1916, katikati ya vita, ili kupunguza makaa ya mawe yanayochomwa kwa ajili ya taa. Uingereza wakafuata tarehe 21 Mei mwaka huo huo.

Saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya utulivu huu wa jua. Tunaanza kuhesabu linapochomoza: saa moja asubuhi, saa mbili, mpaka thenashara ya jioni linapokaribia kuzama. Hesabu hiyo isingemfaa mtu wa London, ambaye Disemba jua linazama kabla hata sisi hatujaanza kutafuta pa kunywa urojo wa jioni.

Bunge la Ulaya lilipiga kura Machi 2019 kutaka zoezi hili liachwe, lakini nchi wanachama hazikukubaliana, na kugeuza kukaendelea. Basi usimsikilize anayekwambia "wameshaacha hao".

Hatua ya kwanza: tia tarehe kwenye kalenda mapema

Nchi nyingi za Ulaya, pamoja na Uingereza, zinasogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Nchi zote za Umoja wa Ulaya na Uingereza hugeuza katika dakika ile ile, na dakika hiyo kwetu ni saa kumi za usiku, kabla ya adhana ya alfajiri. Ukiamka kusali Jumapili hiyo, mambo yameshabadilika.

Mwaka 2026 ni tarehe 29 Machi na 25 Oktoba. Mwaka 2027 ni tarehe 28 Machi na 31 Oktoba.

Marekani na sehemu kubwa ya Kanada wana tarehe zao, na hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Wao husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaka 2026 ni tarehe 8 Machi na 1 Novemba. Mwaka 2027 ni tarehe 14 Machi na 7 Novemba. Maana yake, mwaka 2026 kuna wiki tatu za Machi ambapo New York wameshageuza na London bado, halafu kuna wiki moja mwishoni mwa Oktoba ambapo London wamesharudi nyuma na New York bado. Mwenye wateja pande zote mbili azizungushie wiki hizo kalamu nyekundu. Arizona, isipokuwa eneo la Wanavajo (wenyeji wa asili wa kule), na Hawaii hawageuzi kabisa, hivyo mteja akisema yuko Marekani muulize yuko mji gani.

Hatua ya pili: shika tofauti kwa pepo

Watu hukariri namba wakazisahau. Mimi nawafundisha vijana kwa kitu wanachokijua tangu utotoni: kusi na kaskazi. Kipindi cha kusi, tangu masika yanapoingia mpaka karibu na vuli, Ulaya wako kwenye saa zao za majira ya joto na tofauti yetu nao ni ndogo. Kaskazi ikivuma, wamesharudi kwenye saa ya kawaida na tofauti ni kubwa. Kusi ndogo, kaskazi kubwa. Pepo hazifuati kalenda siku kwa siku, lakini zinatosha kukukumbusha upo upande gani wa mwaka.

London: kusi saa 2, kaskazi saa 3.
Roma, Paris, Berlin, Warsaw: kusi saa 1, kaskazi saa 2.
Athens na Helsinki: kusi tuko sawa, kaskazi saa 1.
New York na Toronto: kusi saa 7, kaskazi saa 8.
Chicago: saa 8 na 9.
Los Angeles: saa 10 na 11.

Hao wote wako magharibi yetu au wana saa iliyo nyuma ya yetu, kwa hiyo unaichukua saa yao na kuongeza. Jua la adhuhuri hutufikia sisi kwanza. Kwa ndugu zetu wa Muscat na Dubai ni kinyume: wao wako mbele yetu kwa saa moja, mwaka mzima, wala hawageuzi. Makka, Doha, Istanbul, Moscow na Addis Ababa wako sawa na sisi siku zote. Misri inataka uangalifu, na tuna vijana wengi wanaosoma kule: tangu 2023 wameanza tena kugeuza, wakisogeza mbele Ijumaa ya mwisho ya Aprili na kurudi nyuma mwishoni mwa Oktoba. Wakisogeza mbele wanakuwa sawa na sisi, wakirudi tunawazidi saa moja.

Hatua ya tatu: fanya hesabu kwa mpangilio mmoja

Sisi tuna saa mbili kichwani, ya Kiswahili na ya Kizungu, na kosa linalotokea mara nyingi ni kuzichanganya katikati ya hesabu. Mtu anaambiwa 17:00 ya Milan, anatoa sita, anaongeza mbili, kisha anatoa sita tena kwa kusahau. Matokeo yake ni miadi ya usiku wa manane.

Mimi natumia utaratibu huu. Andika saa ya mgeni kwa tarakimu za saa 24. Ongeza tofauti. Mwisho kabisa, ukishapata jibu, ndipo uliseme kwa Kiswahili.

Mgeni wa Milan anasema mpigie 17:00, na tuko Januari. Kaskazi, tofauti saa 2. Inakuwa 19:00, yaani saa moja usiku. Mgeni huyo huyo, saa hiyo hiyo, mwezi wa Julai: tofauti saa 1, inakuwa 18:00, saa thenashara jioni. Mteja wa New York anayetaka kuzungumza saa tatu asubuhi ya kwake, 09:00, Julai utampata 16:00, saa kumi alasiri; Januari ni 17:00, saa kumi na moja jioni.

Nawe ukimwandikia mgeni, usiandike "saa nne" wala tafsiri yake. Andika 10:00. Nimeona watu wamekuja ufukweni Kizimkazi kutafuta pomboo, mmoja amefika alfajiri na mwingine adhuhuri, kwa sababu kila mmoja aliisoma saa kwa namna yake.

Hatua ya nne: safisha simu na kompyuta

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye shida za siri.

Simu na kompyuta nyingi tunazonunua hapa ni zilizotumika, zimetoka Uingereza au Dubai. Nyingi huja na saa za eneo la zilikotoka. Mnunuzi anaona saa haiko sawa, anaisogeza kwa mkono mpaka ilingane na ya ukutani, anaridhika. Kumbe ndani ya kifaa bado kimeandikwa London. Ikifika Machi kinasogea mbele chenyewe saa moja, na mwenyewe anashangaa. Mbaya zaidi ni miadi: barua pepe ya mwaliko ikija, kifaa kinaihesabu kwa London, na programu ya adhana inaweza kutoa nyakati za sala zilizopotoka. Ukiona adhana ya simu haiendani na ya msikiti wa mtaa, usiirekebishe adhana, kaangalie saa za eneo kwanza.

Kwenye simu ingia Mipangilio, kisha Tarehe na saa. Washa saa ya kiotomatiki na saa za eneo za kiotomatiki. Kama mtandao unakuletea saa isiyo sahihi, zima ya kiotomatiki na uchague eneo mwenyewe: Dar es Salaam au Nairobi, zote ni GMT+3. Usiguse saa kabla hujagusa eneo. Eneo likishakuwa sahihi, saa mara nyingi hujirekebisha yenyewe.

Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza saa iliyoko pembeni kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, na uchague eneo lenye jina la Nairobi. Lile swichi la kurekebisha saa za majira ya joto litafifia lisiweze kubonyezwa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa eneo letu halina majira hayo.

Kisha kuna kamera za ulinzi. Vinasa vingi vya kamera vina sehemu ya DST, yaani kugeuza saa kwa majira ya joto, ndani ya menyu ya saa, na fundi aliyefunga huenda aliiacha imewashwa. Izime. Siku ukitafuta picha za tukio la Aprili, tofauti ya saa moja itakupeleka kwenye mkanda usiohusika.

Mwisho, ongeza miji yako kwenye saa ya dunia ya simu: London, Roma, New York, popote wateja wako walipo. Simu inajua tarehe za kugeuza na itakuonyesha saa ya kweli ya kule. Lakini usiitegemee peke yake kwa miadi ya wiki zijazo. Inakuonyesha tofauti ya leo, na miadi yako huenda iko upande wa pili wa Jumapili ile.

Hatua ya tano: kubalianeni saa ya nani ndiyo mwenyeji

Miadi ya kila wiki ina mwenyeji wake. Kama mwalimu wa London amesema darasa ni kila Jumanne 10:00 ya London, basi likija Machi darasa lake halitembei kwake, linatembea kwako: kutoka saa saba mchana linakuwa saa sita. Kama ni wewe uliyesema kila Jumanne saa saba mchana ya Zanzibar, anayehama ni yeye. Hakuna kosa katika lolote kati ya mawili, kosa ni kutosema. Uliza kabisa: tunafuata saa za wapi?

Jihadhari na herufi. Watu wa Uingereza husema GMT wakimaanisha "saa yetu", hata Juni, wakati Juni wao hawako kwenye GMT, wako saa moja mbele yake. Ukiifuata herufi utachelewa saa nzima. Wamarekani nao huandika EST, saa ya kawaida ya New York ya kipindi cha baridi, mwaka mzima. Niliposhindwa mara mbili na herufi hizi nikaacha kuzitumia. Sasa naandika jina la mji, na saa zote mbili, namna hii:

"Jumanne tarehe 31 Machi 2026, 16:00 saa za Zanzibar, sawa na 15:00 saa za Roma."

Siku hiyo inakuja siku mbili tu baada ya kugeuza. Mgeni akiona saa zote mbili, kama mmoja wenu amekosea hesabu, atakwambia mapema.

Ijumaa kabla ya kugeuza, pitia miadi yote ya wiki inayofuata na utume ujumbe mfupi wa kukumbushia. Unachukua nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo iliyokosekana siku ya familia ile ya Italia.

Hatua ya sita: ndege na madereva

Mashirika ya ndege yana ratiba mbili kwa mwaka, ya majira ya joto na ya baridi, na hubadilisha siku zile zile: Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mahali ndege ilipo, ya kuondoka ni ya kule na ya kutua ni ya huku.

Ndege inayotoka moja kwa moja Ulaya, ikishika saa ile ile ya kuondoka kwao, kuanzia Machi itatua kwetu saa moja mapema, na kuanzia Oktoba saa moja baadaye. Iliyokuwa ikitua saa mbili asubuhi Februari inakuwa saa moja Aprili. Shirika linaweza pia kupanga upya kabisa, kwa hiyo usikisie: wiki ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, soma upya saa ya kutua ya kila mgeni na umwandikie dereva upya. Usiache karatasi ya wiki iliyopita ibaki kwenye ubao. Ndege zinazopitia Doha, Istanbul, Addis Ababa, Dubai au Muscat hazisukumwi na jambo hili kwa namna hiyo, maana miji hiyo haigeuzi saa, lakini ratiba mpya huzigusa nazo.

Mgeni anayeondoka kwetu aulizwe pia kama ana ndege ya kuunganisha. Boti ya Dar inakwenda kwa saa zetu, haina shida.

Wenye vibanda vya mpira

Nyinyi mnalijua hili kuliko maprofesa. Mechi ya ligi ya Uingereza inayoanza saa tisa alasiri ya kwao Jumamosi, kipindi cha kaskazi kwetu inaanza saa thenashara jioni na Magharibi inaingia katikati ya kipindi cha kwanza. Wakisogeza saa Machi, mechi hiyo inaanza saa kumi na moja, na Magharibi inaingia kipindi cha pili kikiendelea. Mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya za saa mbili usiku ya London ni saa tano usiku kwetu mpaka Machi, kisha Aprili zinakuwa saa nne. Badilisheni ubao wa nje Jumamosi jioni, watu wasije Jumapili wakakuta kipindi cha pili.

Saa za ukutani

Hoteli zinazotundika saa tatu mapokezi, ya Zanzibar, ya London na ya New York, mtu mmoja apewe jukumu la kuzigeuza, na jina lake liandikwe. Ya Zanzibar isiguswe. Saa ya betri unaweza kusogeza akrabu zake mbele au nyuma bila wasiwasi. Lakini zile saa kongwe za pendulumu zinazogonga, ambazo bado zipo kwenye nyumba za Mji Mkongwe, usizirudishe akrabu nyuma kwa nguvu, utaharibu mtambo wa kugonga. Simamisha pendulumu, ngoja saa moja, uiachie tena.

Kwa wazee wanaopigia watoto wao

Bibi mmoja wa Wete alikuwa na ada ya kumpigia binti yake London saa mbili usiku, akishasali Isha. Wakati wote wa kusi ilikuwa ni saa kumi na mbili jioni kule, binti ametoka kazini, wanazungumza. Novemba akapiga siku nne, simu haikupokewa. Presha ikampanda. Binti hakuwa na shida yoyote, ila saa mbili ya mama yake ilikuwa imekuwa saa kumi na moja ya kwake, na bado yuko kazini na simu iko kabatini.

"Mama, shikamoo. Samahani, huku tumerudisha saa nyuma."

"Marahaba mwanangu. Sasa mimi nitajuaje?"

Walichokubaliana ni kwamba kaskazi bibi apige saa tatu usiku, na kusi saa mbili. Mjukuu aliyeko skuli ameandika kwa kalamu nene kwenye karatasi, akaibandika juu ya friji, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba na ya Machi ndiye anayempigia mama yake mdogo mapema kuuliza: mmegeuza?